Kura ya Fundi Viatu wa Aylesbury

Januari 1701, fundi viatu mmoja aitwaye Matthew Ashby alifika mahali pa kupigia kura katika mji wa soko wa Aylesbury, kaunti ya Buckinghamshire, kusini mwa Uingereza. Mji ule ulikuwa na viti viwili bungeni, na kila mpiga kura alikuwa na kura mbili. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Mtu alisimama mbele ya wasimamizi, akataja kwa sauti majina ya anaowataka, karani akayaandika daftarini, na wote waliokuwa karibu wakasikia: jirani yake, mwenye nyumba wake, mteja anayemdai. Ashby alimtaka Sir Thomas Lee na Simon Mayne. William White na makonstebo wenzake, waliokuwa wakisimamia uchaguzi huo, walikataa kuipokea kura yake.

Kila aliyesoma sheria Afrika Mashariki amekutana na jina hilo. Ashby dhidi ya White ni miongoni mwa kesi za mwanzo kabisa ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa katika somo la madhara, lile linalohusu mtu aliyetendewa ubaya na anayedai fidia. Nilifundishwa kesi hiyo pale chuo kikuu, Mlimani, nami baadaye nikaifundisha kwa muda mrefu. Tunaitaja kwa maneno machache ya Kilatini, tunasema inathibitisha kwamba haki ikivunjwa kuna madai hata kama mdai hakupoteza senti, kisha tunahamia kesi inayofuata. Huyu fundi viatu hubaki jina tu juu ya karatasi ya mtihani. Kwangu hilo ni deni, maana ukimfuata Ashby hadi mjini kwake utakuta jambo ambalo muhtasari wa darasani hausemi: kura iliyotetewa mbele ya majaji ilikuwa na bei, kila mtu mjini aliijua bei hiyo, na utetezi na bei vilitoka katika shina moja.

Aylesbury iko kilomita 65 hivi kaskazini-magharibi mwa London. Maisha yake yote yalizunguka uwanja wa soko. Wakulima wa bonde lile lenye udongo mzito walileta nafaka na mifugo siku za gulio. Mahakama ya kaunti ilikaa hapo kwa misimu, na mwaka 1740 ikakamilishiwa jengo zuri la matofali mbele ya uwanja huo. Wanawake wa mji na wa vijiji vya jirani walisuka lesi kwa mkono, kazi ya macho na vidole iliyouzwa kwa wafanyabiashara wa London. Pembeni mwa uwanja zilipangana nyumba za wageni zenye mazizi ya farasi nyuma. Wakati wa uchaguzi nyumba hizo ndizo zilizogeuka ofisi za kampeni, jiko na ghala la fedha. Asiyejua mji wa soko wa Kiingereza wa zama zile aweke akilini jambo hili: bia, mkataba, habari na siasa vilipita katika mlango mmoja.

Nani alikuwa na kura? Ukiuliza swali hilo kuhusu Uingereza nzima ya karne ya 18, hupati jibu moja. Miji yenye haki ya kupeleka wabunge ilikuwa 203, na karibu kila mmoja ulikuwa na desturi yake. Pengine walipiga kura madiwani peke yao, watu wasiotimia hata 40. Pengine kura ilifuata kiwanja fulani cha kale, hata kama juu yake nyumba ilikwisha anguka. Old Sarum, kilima kisicho na mji tena, kilikuwa na wabunge wawili. Pengine walipiga wanachama wa vyama vya mafundi wa mji. Aylesbury ilikuwa miongoni mwa miji iliyofungua mlango mpana zaidi: kila mwanaume mkuu wa kaya, mwenye jiko lake mwenyewe na asiyepokea sadaka ya parokia, alikuwa mpiga kura. Hakutakiwa kumiliki ardhi. Mpangaji, mshona viatu, mwokaji mikate, mpagazi, wote walihesabiwa ilimradi waishi kwa jasho lao. Katikati ya karne hiyo walifika 500 hivi.

Mlango huo haukuwa mpana tangu mwanzo. Malkia Mary I aliupa mji hati yake mwaka 1554, pamoja na viti viwili, lakini ardhi ya mji ilikuwa mali ya familia ya Pakington. Mwaka 1572, mume wake akiwa amefariki mwaka uliotangulia, Bibi Dorothy Pakington aliandika hati akijitaja kuwa mmiliki wa mji wa Aylesbury, akawateua Thomas Lichfield na George Burden kuwa wabunge, na akatangaza kwamba atakachofanya kila mmoja wao bungeni kitakuwa kama amekifanya yeye mwenyewe. Mwanamke mmoja, sahihi moja, wabunge wawili, na Bunge likawapokea. Uongozi wa mji ulioundwa na hati ya 1554 ulikufa polepole kwa kutotumiwa, na karne moja baadaye waliobaki kusimamia uchaguzi ni makonstebo, ambao nao walipata kazi yao kupitia baraza la bwana mwenye ardhi. Bwana huyo, katika siku za Ashby, alikuwa Sir John Pakington, mtu wa chama cha Tory hadi kwenye mifupa.

Huo ndio ufunguo wa kisa. Hapakuwa na daftari la kudumu la wapiga kura. Daftari la namna hiyo Uingereza ililipata mwaka 1832. Haki ya mtu iliamuliwa palepale, siku ileile, na konstebo aliyemtazama usoni. Na sifa ya kutopokea sadaka ilitoa nafasi kubwa ya hila. Kila parokia ilikuwa na waangalizi wa maskini waliokusanya kodi na kugawa mkate, kuni au shilingi chache kwa wasiojiweza. Mtu aliyeugua msimu wa baridi akapewa msaada alikuwa ameipoteza kura. Isitoshe, sheria ya makazi ya 1662 iliwapa wakubwa wa parokia uwezo wa kumrudisha alikotoka mgeni maskini waliyehofia kwamba ipo siku atakuwa mzigo. Fundi aliyehamia mjini karibuni aliishi akijua kwamba anaweza kuambiwa afungashe. Utetezi wa makonstebo dhidi ya Ashby ulisimama hapo: kwamba ni fukara, kwamba hakuwa mkazi aliyetambuliwa, kwa hiyo kura hana.

Nakiri kwamba sehemu hii hunikera kuliko zote. Umaskini wenyewe haukumnyima mtu kura Aylesbury, jambo la ajabu kwa zama zile. Kilichomnyima ni kusaidiwa. Serikali ya parokia ilikuwa na mkono mmoja wa kumlisha mtu na mkono mwingine wa kumfuta, na mikono yote miwili ilikuwa ya watu walewale, waliojua vizuri kabisa fundi yupi angempigia nani.

Na wanawake je? Mjane mwenye nyumba, anayesuka lesi, anayelipa kodi ya maskini na kupika katika jiko lake mwenyewe, alitimiza kila sharti la mpiga kura wa Aylesbury. Hakuna sheria ya Bunge iliyomkataza. Neno linalosema mpiga kura awe mwanaume liliingizwa katika sheria mwaka 1832. Alizuiwa na desturi tu, nayo ilitosha. Katika mji uleule ambao mjane mmoja tajiri aliwahi kuwateua wabunge wote wawili peke yake, mjane wa kawaida hakuruhusiwa kutaja jina hata moja.

Ashby alikwenda mahakamani. Fundi viatu hakuwa na uwezo wa kulipa mawakili wa London, na hakuna anayedai kwamba alilipa yeye. Nyuma yake alisimama Lord Wharton, kiongozi wa Whig, chama kilichopingana na Tory, mfugaji mashuhuri wa farasi wa mbio, ambaye jumba lake la Winchendon halikuwa mbali na mji. Wharton alikuwa bingwa wa uchaguzi kuliko mtu yeyote wa kizazi chake, na Aylesbury ilikuwa uwanja wa vita kati yake na Pakington. Kwa hiyo wapo wanaosema kesi hii ilikuwa mchezo wa wakubwa wawili, na Ashby alikuwa kete. Sikubaliani nao kabisa. Aliyekataliwa mbele ya majirani ni Ashby, na hati ya madai ilibeba jina lake. Haki nyingi tunazozijua leo zilipiganiwa kwa fedha za mtu mwenye shida zake nyingine, na hazikupungua uzito kwa sababu hiyo.

Juri ya kaunti ilimsikiliza ikampa ushindi na fidia ya pauni 5.

Wadaiwa wakapinga, na mwaka 1703 shauri likafika Mahakama ya Malkia huko Westminster. Majaji walikuwa wanne. Watatu, Gould, Powys na Powell, walimkataa Ashby. Walisema madai ya namna hii hayajapata kuonekana. Walisema mtu huyu hakupoteza mali. Walisema mambo ya uchaguzi yanaamuliwa na Bunge lenyewe. Walisema mlango ukifunguliwa mahakama zitafurika. Aliyebaki peke yake alikuwa Jaji Mkuu, Sir John Holt.

Nimeisoma hukumu ya Holt mara nyingi na bado hunisimamisha. Alianza na kura yenyewe, akasema ni kitu kikubwa, kwa sababu kwayo mtu anashiriki kumchagua atakayetunga sheria zitakazofunga uhai wake na mali yake. Kisha akasema kwamba mtu akiwa na haki lazima awe na njia ya kuitetea, kwani haki isiyo na dawa haina maana. Kuhusu hasara, alikuwa na mifano ya watu wa kawaida: ukimpiga mwenzio kofi, hata kama hakutumia senti kwa mganga, anaweza kukushtaki, kwa kuwa umemgusa pasipo ruhusa, ukipita katika shamba lake bila kukanyaga mmea, anaweza kukushtaki, kwa kuwa si njia yako. Na kuhusu mafuriko ya kesi, jibu lake lilikuwa fupi: watu wakizidisha kudhulumu, mashauri nayo yatazidi, na hivyo ndivyo inavyostahili. Waswahili wangemsikia mara moja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Holt alishindwa kwa hesabu ya majaji, lakini shauri likapanda hadi Bunge la Malodi, lililokuwa ndiyo mahakama ya juu kabisa, na ambamo Wharton mwenyewe aliketi. Tarehe 14 Januari 1704 Malodi waliipindua hukumu kwa kura 50 dhidi ya 16. Pauni 5 za Ashby zikarudi.

Hapo moto ukawaka. Bunge la Makabwela, ambalo Watory walikuwa na nguvu ndani yake, liliona Malodi wameingiza mkono katika uchaguzi wa wabunge. Likapitisha maazimio kwamba lenyewe peke yake ndilo linaloamua nani ana haki ya kumchagua mbunge, kwamba Ashby amevunja heshima ya Bunge kwa kwenda mahakamani, na kwamba yeyote atakayemfuata ataadhibiwa, yeye na wakili wake. Maazimio hayo yakaamriwa kubandikwa kwenye lango la Ukumbi wa Westminster, ambamo mahakama zilikaa, ili kila wakili ayasome akiingia.

Watu wengine watano wa Aylesbury waliokataliwa siku ileile hawakuogopa. Wharton aliwatia moyo, nao wakafungua kesi. Majina yao ni John Paty, John Oviat, John Paton, Henry Basse na Daniel Horne. Desemba 1704 Makabwela waliamuru wakamatwe, wakatupwa katika gereza la Newgate. Sikiliza vizuri: wapiga kura waliwekwa jela na wawakilishi wao, kwa kosa la kudai kwamba waliwahi kuzuiwa kuchagua. Waliomba mahakama iamuru waachiwe. Majaji walikataa, isipokuwa Holt, peke yake kwa mara ya pili. Mawakili wao walipotaka kwenda mbele, Makabwela waliamuru nao wakamatwe. Mmoja, Nicholas Lechmere, alitoroka chumbani kwake katika mtaa wa mawakili wa Temple kwa kushuka dirisha la nyuma kwa shuka na kamba. Mabunge mawili yakawa hayasemezani. Malkia Anne hakuwa na njia nyingine ya kulikata shauri. Tarehe 14 Machi 1705 aliahirisha Bunge, baadaye akalivunja, na nguvu ya amri ya kifungo ikaisha pamoja na kikao. Wale watano wakatoka.

Hadithi ya darasani huishia hapo, kwa ushindi. Mimi nataka kwenda mbele kidogo katika mji uleule, kwa sababu pauni 5 zinarudi.

Mwaka 1716 muda wa Bunge uliongezwa kutoka miaka mitatu hadi saba. Kiti kinachokaliwa miaka saba kina thamani kuliko cha miaka mitatu, na bei ikapanda. Sheria ya mwaka 1711 ilikwisha wataka wabunge wa miji wawe na pato la pauni 300 kwa mwaka kutoka ardhini, kwa hiyo wagombea walikuwa matajiri kwa amri. Takrima ilikatazwa tangu 1696: asigawe mgombea chakula wala kinywaji baada ya uchaguzi kutangazwa. Mwaka 1729 ikaja sheria kali zaidi, yenye faini ya pauni 500 kwa rushwa, na kiapo ambacho mpiga kura angeweza kutakiwa kula kwamba hakupokea zawadi wala ahadi. Nyumba za wageni za Aylesbury ziliendelea kupika. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa sana. Takrima ilipata kuhalalishwa kwetu kwa sheria, hadi Mahakama Kuu ilipoitengua mwaka 2006.

Mtu aliyeijua vizuri bei ya mji alikuwa John Wilkes. Mtoto wa mtengeneza pombe wa London, mwaka 1747 alimwoa Mary Mead, ambaye mali yake ilikuwa Aylesbury, akahamia katika nyumba kubwa karibu na kanisa, akawa hakimu, na mwaka 1754 akawa sherifu wa kaunti. Mwaka 1757 kiti kimoja cha mji kilitolewa kwake kwa mpango: mbunge aliyekuwapo, Thomas Potter, alihamia mji mwingine ili ampishe. Mpango mzima ulimgharimu Wilkes pauni 7,000, nyingi zikiwa za mkopo. Uchaguzi wa 1761 ulipofika alifanya hesabu kama ya mfanyabiashara. Wapiga kura ni 500. Wanaotosha kushinda ni 300. Kila mmoja wa hao 300 apewe pauni 5, na wengine wasipewe kitu. Alishinda.

Pauni 5 ni kiasi kilekile ambacho juri ilimkadiria Matthew Ashby miaka 60 kabla. Sidhani kama Wilkes alikuwa na juri ile akilini, na pauni ya 1761 haikununua sawasawa na ya 1701. Lakini kwa mwalimu wa sheria namba hizo mbili zikikaa pamoja haziachi kuuma. Kibarua wa kusini mwa Uingereza katikati ya karne hiyo alipata shilingi moja hivi kwa siku, pengine zaidi kidogo wakati wa mavuno. Pauni 5 ni shilingi 100. Ni zaidi ya miezi mitatu ya kazi, ikiwa kazi ipo. Kwa fundi viatu mwenye watoto, huo ni msimu wa baridi uliopita bila kwenda kwa mwangalizi wa maskini. Na aliyekwenda kwa mwangalizi wa maskini, tumekwisha ona, alipoteza kura. Kwa hiyo kuuza kura mwaka huu kungeweza kuwa ndiyo njia ya kubaki na kura miaka saba ijayo.

Wanahistoria wa karne ya 19 waliwaita wapiga kura hawa watu waliooza. Sipendi hukumu hiyo. Anayeuza anauza alichonacho. Waingereza wa zama zile, Holt akiwa mmoja wao, waliitetea kura kwa kuiona kuwa mali ya mtu binafsi, kama shamba lake au mwili wake, na kwa kuwa ilikuwa mali, mahakama iliweza kuifidia. Hoja ileile ilimpa fundi viatu nguvu ya kumshtaki konstebo na ikampa nguvu ya kupokea pauni 5 kutoka kwa tajiri bila kujiona mwizi. Wasiokuwa na kura hakuna aliyewanunulia hata kikombe cha bia. Bei ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa dalili kwamba mtu yule anahesabiwa.

Wilkes mwenyewe alipitishwa katika tundu la sindano. Gazeti lake, North Briton, toleo la 45 la Aprili 1763, lilishambulia hotuba ya Mfalme. Januari 1764 Makabwela walimfukuza na Aylesbury ikampoteza mbunge wake. Mwaka 1768 alirudi kama mgombea wa kaunti ya Middlesex, akashinda, akafukuzwa, akachaguliwa tena, na tena. Aprili 1769 alipata kura 1,143 dhidi ya 296 za kanali Henry Luttrell, na Bunge likamkalisha Luttrell kitini. Hoja ilikuwa ile ya mwaka 1704 bila kupunguzwa: Bunge ndilo linaloamua. Maandamano yalijaa London, na mwaka 1782 Bunge lilifuta uamuzi wake huo katika kumbukumbu zake. Kabla ya hapo, Machi 1776, Wilkes alisimama bungeni akataka uwakilishi urekebishwe, miji mitupu inyang'anywe viti, na fundi na kibarua wa chini kabisa wawe na sauti katika kutunga sheria zinazogusa ujira wao na mkate wao. Hoja ilikataliwa. Wapo wanaoona unafiki katika mnunuzi wa Aylesbury kusema vile. Mimi naona mtu aliyewahi kukaa meza moja na wapiga kura mafundi, akajua kwamba wana akili ya kutosha kupatana bei, na kwa hiyo wana akili ya kutosha kuchagua.

Wazo kwamba kura hufuata mali lilisafiri mbali kuliko Aylesbury. Tanganyika ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza mwaka 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa, kisha apige kura tatu, kwa Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Kenya mwaka 1957 Mwafrika mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu kwa elimu na mali yake, na jirani yake asipewe hata moja. Wazee walionilea walizungumza habari hiyo kwa uchungu usiopoa: kijana mwenye cheti cha darasa la nane akiingia kupiga kura, na mzee aliyemlipia karo kwa kuuza mbuzi akibaki nje ya uzio. Kwa kipimo cha mwaka 1701, mzee yule, mwenye kaya yake na jiko lake na asiyeomba sadaka kwa mtu, angekuwa mpiga kura kamili Aylesbury. Kipimo walichotuletea kilikuwa kigumu kuliko cha mafundi viatu wao. Na kwa meli zilezile ilikuja hukumu ya Holt, kwa maana sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920 ilitangazwa kuwa msingi wa sheria za Tanganyika, na Ashby yumo ndani yake.

Mwisho wa mji wenyewe haukuwa wa fahari. Katika uchaguzi wa 1802 Aylesbury iliwapeleka bungeni James Du Pré na Robert Bent. Malalamiko yakapelekwa, ushahidi wa rushwa ukawa mwingi kupita kiasi, na mwaka 1804 ushindi wa Bent ukatenguliwa. Bunge likaamua pia kuutibu mji. Dawa waliyochagua haikuwa kura ya siri, ambayo Uingereza iliisubiri hadi 1872, wala kuwabana wagombea wenye mifuko. Walipitisha sheria ya kuwaongeza katika uchaguzi wa Aylesbury wenye ardhi wote wa mashambani katika tarafa za jirani, kila mwenye shamba la pato la shilingi 40 au zaidi kwa mwaka. Mafundi na wachuuzi hawakunyang'anywa kura zao. Zilizamishwa tu katika kura za watu wa vijijini ambao waheshimiwa waliwaamini zaidi, wengi wao wakiwa chini ya macho ya mabwana wakubwa wa ardhi. Bent alikuwa amepoteza kiti kimoja. Wakuu wa kaya wa uwanja wa soko walipoteza mji mzima, na sheria hiyo haikuacha nafasi ya kumshtaki konstebo yeyote, kwa kuwa hakuna aliyekataa kuwasikia walipotaja majina yao.